Nyuma ya Kaunta Kuna Mtoto

Hotuba kwa walimu, wakutubi na wazazi, Dar es Salaam

Mgeni rasmi, walimu wangu, wakutubi, wazazi wenzangu. Shikamooni mlio wakubwa, na nyinyi wadogo mliokaa mkekani hapa mbele, hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya vitabu vya watoto vinavyohusu watu wa Asia Kusini: India, Pakistani, Bangladeshi, Sri Lanka, Nepali na majirani zao, pamoja na ndugu zao waliotawanyika duniani, wakiwemo majirani zetu wa Upanga na Kisutu. Ratiba ilipokuwa ikipangwa, mmoja wetu aliuliza kama mada hii haiko mbali mno na sisi. Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kisa cha kima.

Kisa mnakijua. Kima yuko juu ya mkuyu uliotandaza matawi yake baharini. Chini huja papa, kima humtupia matunda, urafiki ukakua. Siku moja papa akamwalika kwao. Kima akapanda mgongoni, wakaenda. Walipofika katikati ya maji papa akasema kweli: sultani wetu hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakubabaika. Akasema, lo, mbona hukuniambia tukiwa kule pwani? Sisi makima tukisafiri mioyo yetu tunaiacha mtini. Papa akageuza njia, kima akarukia tawi, na kutoka huko juu akaanza kumsimulia papa kisa cha pili, cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Mmisionari Edward Steere aliyaandika hayo Unguja, akayachapisha London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili.

Sasa fungueni Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti chenye umri wa zaidi ya miaka 1500. Kima huyo yumo. Mti wake ni mzambarau, anayekuja chini yake ni mamba, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba, aliyeona wivu kwa sababu mumewe anashinda kwa rafiki. Punda wa dobi naye yumo, palepale, ila kule mlaghai ni mbweha na kwetu ni sungura. Kitabu chenyewe kinaanza na mfalme aliyekuwa na wana watatu wasiotaka kusoma kabisa, na mzee Vishnu Sharma akaahidi kuwafanya werevu kwa miezi sita tu, kwa kuwasimulia hadithi. Karne ya 6 tabibu Burzoe alikitia katika Kiajemi cha zamani, karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu, kikaitwa Kalila na Dimna. Na kati ya Bombay, Maskati na Unguja majahazi yalikuwa yakienda na kurudi kila msimu, kaskazi na kusi, na hadithi hazilipi ushuru forodhani.

Kwa hiyo bibi zetu walikuwa wakitusimulia kitabu cha watoto cha Kihindi bila kumuuliza mtu ruhusa, na wakakifanya chetu hadi mamba akawa papa. Mimi nahariri vitabu vya watoto, na sijui mfano mzuri zaidi wa kazi hiyo ikifanywa na watu wasio na ofisi.

Shida ilianza pale watoto wa Asia Kusini walipoanza kuandikwa na watu waliowatazama kutoka barazani. Nitatoa mfano mmoja, na nitakaa nao kidogo, maana unatuhusu sisi Waafrika zaidi ya tunavyodhani.

Mwaka 1899 Helen Bannerman, mama wa Kiskoti aliyeishi Madras, India, na mumewe daktari, alitoa London kitabu kidogo alichowaandikia binti zake. Kiliitwa The Story of Little Black Sambo. Mtoto amevalishwa koti jekundu na suruali ya buluu, ana mwavuli wa kijani na viatu vya zambarau, anatembea porini. Chui milia wanamtokea mmoja mmoja, naye anajikomboa kwa kumpa huyu koti, huyu suruali, huyu viatu, hadi anabaki hana kitu. Kisha chui wanagombana nani amependeza zaidi, wanakamatana mikia, wanazunguka mti kwa kasi hadi wanayeyuka wakawa samli. Baba anaizoa samli, mama anakaangia chapati za maji, na yule mtoto, kwa njaa yake yote, anakula 169. Ni hadithi tamu kwelikweli. Hapa nimeitaja tu na wale wa mkekani wameanza kucheka.

Lakini tazameni. Chui milia ni wa Asia. Samli ni ya Madras. Mtoto, kwa kila kitu kilichomo hadithini, ni wa India. Picha je? Picha zilichora uso wa kumdhihaki mtu mweusi, baba na mama wakapewa majina ya kudhihaki, na kitabu kilipofika Marekani wachapishaji wengine walizidisha: midomo, macho, vibanda. Jina la huyo mtoto likawa tusi la kuwatupia watoto weusi shuleni kwa miongo mingi. Kwa hiyo mtoto wa Kihindi hakupata kitabu, na mtoto Mwafrika akapata tusi, vyote kwa kitabu kimoja cha kurasa chache.

Ilichukua miaka 97. Mwaka 1996 mchoraji Fred Marcellino aliyachukua maneno ya Bannerman karibu yote kama yalivyo, akampa mtoto jina la Kihindi, Babaji, na akachora India. Mwaka huohuo Julius Lester na mchoraji Jerry Pinkney, Wamarekani weusi wote wawili, wakakisimulia upya kama hadithi ya watu wao wa kusini, wakakiita Sam and the Tigers. Hadithi moja, nyumba mbili, kila mtoto akarudishiwa chake. Wengine wangesema kitabu kile kifungiwe kabatini kiishe. Mimi naona waliokitengeneza upya walifanya kazi ngumu zaidi na yenye faida zaidi.

Mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling sitamkalia. Alizaliwa Bombay 1865, akaandika habari za Mowgli, mtoto wa India aliyelelewa na mbwa mwitu, akiwa Vermont, Marekani, na kitabu, The Jungle Book, kikatoka 1894. Ni fundi wa kusimulia, simnyimi hilo. Lakini ukitaka kujua aliwaonaje wanakijiji wa India, soma pale wanapomfukuza Mowgli kwa mawe, kisha uwalinganishe na heshima aliyowapa mbwa mwitu.

Wahindi wenyewe walikuwa wanaandika muda wote huo. Kule Bengali, Upendrakishore Ray alianzisha gazeti la watoto, Sandesh, mwaka 1913, akilichapa kwenye kiwanda chake mwenyewe, maana alikuwa bingwa wa kuchapa picha. Mwanawe Sukumar Ray ndiye ninayempenda zaidi katika habari hii yote. Aliandika mashairi ya upuuzi mtupu, yenye mnyama nusu bata nusu nungunungu, na wengine wa namna hiyo. Alikufa kwa ugonjwa wa kalaazari Septemba 1923, hajafika miaka 36, na kitabu chake cha mashairi hayo, Abol Tabol, kikatoka siku chache baada ya mazishi. Hadi leo watoto wa Kolkata na wa Dhaka wanayajua kwa moyo. Mwanawe, Satyajit Ray, yule wa sinema, akalifufua gazeti la babu yake mwaka 1961.

Naomba waandishi waliomo humu wanisikilize hapo. Yule bata mwenye miiba hafundishi kitu. Hasemi watoto tuwatii wazazi. Miswada ninayoletewa mezani, ukiondoa michache, inamaliza na funzo lililopigiwa mstari. Mtoto anajua mapema kwamba hadithi ni chambo na ndoano iko mwisho, na watoto si samaki wajinga.

India ilipopata uhuru, serikali nayo ikaingia. Jawaharlal Nehru alikuwa na historia na jambo hili: mwaka 1928 alimwandikia binti yake wa miaka kumi, aliyekuwa Mussoorie milimani, barua 30 juu ya dunia ilivyoanza, mawe, samaki, watu wa kale, na zikawa kitabu mwaka uliofuata. Binti huyo ndiye aliyeupa jina Mtaa wa Indira Gandhi hapa mjini. Mwaka 1957 serikali ya Nehru ikaunda National Book Trust, na mwaka huohuo mchora vikatuni Shankar Pillai akaanzisha Children's Book Trust, Delhi, ili watoto wapate vitabu vya bei wanayoiweza.

Lakini aliyeingia kila nyumba ni Anant Pai. Yeye mwenyewe alikuwa akieleza hivi: mwaka 1967 aliona kwenye televisheni, Delhi, vijana wakishindana kwa maswali. Waliulizwa habari za miungu ya Wagiriki, wakajibu. Wakaulizwa mama yake Rama, shujaa mtukufu wa Wahindu, ni nani. Kimya. Pai akaanzisha mfululizo wa vitabu vya katuni, Amar Chitra Katha. Matoleo kumi ya kwanza yalikuwa hadithi za Kizungu zilizotafsiriwa, ndiyo maana Krishna, aliyefungua hadithi za nyumbani, ana namba 11. Baada ya hapo ni zaidi ya vichwa 400, lugha 20 hivi, na wachapishaji wake wanasema nakala zilizouzwa zimepita milioni 100. Watoto wakamwita Anko Pai hadi alipofariki mwaka 2011. Wahindi waliohamia Uingereza, Marekani na kwingineko walivibeba kwenye masanduku. Kwa wengi waliozaliwa ng'ambo, huo ndio ulikuwa mlango wa kuijua kwao.

Na hapo ndipo wasomaji wenye macho makali walipouliza maswali. Katika katuni hizo shujaa mara nyingi ni mweupe, na shetani mara nyingi ni mweusi, mnene, mwenye pua pana. Mashujaa wengi ni wafalme na makuhani. Mfua nguo yuko wapi? Msafisha vyoo? Mwislamu asiyekuwa mfalme? Mwanamke asiyejitupa motoni kwa ajili ya mumewe? Pai aliwatoa watoto wa India kwenye miungu ya Wagiriki, akawapeleka nyumbani, lakini nyumbani kwenyewe walioketi sebuleni walikuwa ni walewale. Nalisema hili kwa sababu tunapodai vitabu vya utamaduni wetu tunadhani kazi inaishia kumtoa mgeni. Nyumba yenyewe ina wenye viti na wanaosimama nje.

Kuna mtoto mmoja aliyesimama nje hasa. Bhimrao Ambedkar, aliyekuja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, alizaliwa katika jamii ya Wamahar, ambao wenye tabaka walisema kuwagusa ni najisi. Ameandika mwenyewe jinsi alivyosoma. Hakukaa na wenzake. Alikalia kipande cha gunia, na gunia hilo alilichukua asubuhi kutoka nyumbani na kulirudisha jioni, maana hata mfagiaji wa shule asingeligusa. Wenzake wakiona kiu wanafungua bomba, wanakunywa. Yeye bomba haruhusiwi kuligusa; lazima tarishi wa shule amfungulie. Tarishi asipokuwepo, hakuna maji, mtoto anarudi nyumbani na kiu yake.

Mwaka 2011 kampuni ya Navayana ilitoa kitabu cha picha juu ya maisha hayo, Bhimayana, kilichochorwa na mume na mke, Subhash na Durgabai Vyam, wachoraji wa kabila la Wagond wa India ya kati. Nakitaja kwa wale wa sekondari, si kwa wadogo wa mkekani. Hawa wachoraji walikataa kuwafungia watu kwenye viboksi vya katuni. Walisema watu wapewe nafasi ya kupumua. Na tazameni walivyoyachora maneno. Mtu akisema neno jema, kiputo cha maneno yake kina umbo la ndege. Akisema neno la kumdhalilisha mtoto, kiputo kina mkia wa nge, umeinuka, uko tayari kuchoma. Mtoto asiyejua kusoma vizuri anaelewa ukurasa mzima kwa ile mikia tu.

Mgond mwingine, Bhajju Shyam wa kijiji cha Patangarh, aliitwa London kuchora ukuta wa mgahawa wa Kihindi. Aliporudi alitengeneza na Tara Books ya Chennai kitabu, The London Jungle Book, kilichotoka 2004. Saa kubwa ya Bunge ni jogoo, kwa sababu kwao jogoo ndiye saa. Basi namba 30 ni mbwa mwaminifu aliyekuwa akimrudisha nyumbani. Treni ya chini ni mnyoo mkubwa ardhini, ndege ni tembo aliyeota mabawa, na Waingereza ni popo, maana huonekana usiku. Safari hii mtu wa msituni ndiye anayewatazama na kuwaandika. Kipling angekicheka, nadhani, kisha angenyamaza.

Nihamie kwa walio ng'ambo. Kituo cha London cha kukuza kusoma na kuandika shule za msingi, CLPE, kilihesabu vitabu vya watoto vilivyotoka Uingereza mwaka 2017. Vyenye mhusika mweusi, Mwasia au wa jamii nyingine ya wachache vilikuwa asilimia 4. Ambavyo mhusika mkuu ni mtoto wa namna hiyo: asilimia 1. Hii ni nchi ambayo Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi wameishi kwa vizazi. Marekani walianzisha hata tuzo ya vitabu vya watoto juu ya Asia Kusini, ikaanza kutolewa mwaka 2012.

Na vile vichache vilivyokuwepo, vingi vilikuwa vya sikukuu. Nina hakika mmeviona: Diwali, taa, sari ya bibi, sinia la vitamutamu, rangi zinamwagika kila ukurasa, mwalimu wa Kizungu anafurahi, mwisho. Sina ugomvi na Diwali. Lakini sikukuu ni siku chache katika mwaka. Mtoto huyo siku zilizobaki anafanya nini? Anaogopa nani? Anagombana na dada yake juu ya nini?

Juu ya pipi, anajibu Rukhsana Khan. Alizaliwa Lahore, akakulia mji mdogo wa Ontario, Kanada, na kitabu chake Big Red Lollipop kilitoka 2010. Rubina amealikwa na rafiki yake wa shule kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa. Mama anauliza, kwa nini watu wanasherehekea siku ya kuzaliwa? Halafu anatoa amri ambayo kila mtoto wa kwanza katika ukumbi huu anaijua: mchukue mdogo wako. Sana, mdogo mtu, anakwenda, analia kwenye kila mchezo asiposhinda. Wanarudi na pipi kubwa nyekundu za kijiti. Sana anaimaliza yake njiani. Rubina anaitunza yake kwenye jokofu, aile asubuhi. Asubuhi imebaki pembetatu ndogo. Na kwa muda mrefu hakuna anayemwalika tena.

Miaka inapita. Sana naye anaalikwa, na kitinda mimba, Maryam, analilia kwenda. Mama anageuka kwa Sana: mchukue mdogo wako. Ni haki, sivyo? Ni kisasi kilichojileta chenyewe. Rubina ananyamaza kidogo, kisha anamwambia mama amwache Sana aende peke yake. Mama anakubali. Sana anarudi na pipi ya kijani, anampa dada yake.

Hakuna sari iliyoelezwa, hakuna taa. Kuna mama aliyehamia nchi asiyoijua desturi yake, na mtoto wa kike anayelipa gharama ya kutojua huko kabla wadogo zake hawajapitishwa bure. Nimewasomea watoto wa Temeke kitabu hiki, nikikitafsiri papo kwa papo. Hawakuniuliza Pakistani iko wapi. Waliniuliza kwa nini Rubina hakumpiga.

Vitabu vizito navyo vinawezekana. Agosti 1947 Uingereza iliondoka, nchi ikakatwa India na Pakistani, watu kati ya milioni 12 na 15 wakahama, na waliouawa njiani ni mamia ya maelfu kwa makadirio ya chini. Unamwambiaje mtoto wa darasa la sita habari hiyo? Veera Hiranandani, katika The Night Diary ya mwaka 2018, anampa Nisha, wa miaka 12, daftari. Baba ni daktari, Mhindu. Mama alikuwa Mwislamu, akafa akiwazaa Nisha na pacha wake. Sasa nchi inamwambia Nisha achague upande, na pande zote mbili ziko ndani ya damu yake. Kila usiku anamwandikia mama aliyekufa. Wanatoka Mirpur Khas kwa miguu kuelekea Jodhpur, njia ambayo jamaa za baba wa mwandishi waliipita kweli. Aliyebaki nyuma ni Kazi, mpishi wao Mwislamu, ambaye Nisha alimpenda kuliko karibu watu wote. Mtoto hapewi hesabu ya maiti. Anaonyeshwa jiko ambalo hatarudi, na anaelewa.

Haya, turudi Dar es Salaam.

Katika hadithi nilizosoma nikiwa mdogo, na katika miswada ninayoletewa hadi leo, Mhindi huja kama mwenye duka. Ana mizani, ana daftari la madeni, anasema Kiswahili cha kuchekesha. Amekwisha. Hana hata jina, ni "Mhindi". Hatuulizi ni Mwismailia, Bohora, Mhindu, Singasinga au Mgoa, na hali katika mji huu unaweza kuzipita nyumba za ibada za wengi wao kwa miguu asubuhi moja. Na nyuma ya kaunta ile, juu ya gunia la mchele, mara nyingi kuna mtoto anafanya kazi ya shule. Nyumbani anasema Kigujarati, na mteja anasema Kiswahili, daftari lake ni la Kiingereza. Mtoto huyo simkumbuki katika hadithi hata moja iliyonipitia mezani.

Kenya, mwaka 2017, serikali ilitangaza kuwa raia wake wenye asili ya Asia ni kabila la 44. Vizuri. Ila tangazo la gazeti la serikali halisomwi na mtoto kitandani.

Wapo walioandika. Shenaaz Nanji, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Kanada, alitoa Child of Dandelions mwaka 2008, juu ya binti Sabine na siku 90 ambazo Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda mwaka 1972. Tina Athaide, mzaliwa wa Uganda, alitoa Orange for the Sunsets mwaka 2019. Humo mna Asha, Mgoa, na Yesofu, Mwafrika, marafiki wa Entebbe, na zamu ya kusimulia inapokezana. Mama yake Yesofu anafanya kazi za nyumbani kwa akina Asha.

Kwa hilo la mwisho ninampa Athaide heshima yangu. Angeweza kuliacha. Kufukuzwa kulikuwa dhuluma, Mwalimu Nyerere alilisema hadharani wakati viongozi wengi wa Afrika wamenyamaza. Na jikoni kwa akina Asha palikuwa na mama aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Kitabu kinachomlilia Asha bila kumwona mama huyo kimepofuka jicho moja, na kinachomwona mama huyo kisha kikafurahi Asha kutupwa nje na sanduku lake kimepofuka la pili. Watoto wa miaka kumi wanaweza kubeba mambo yote mawili. Sisi wakubwa ndio tunaowaogopea.

Ila vitabu hivyo viwili viliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Amerika ya Kaskazini. Hadithi ya pwani na ya maziwa yetu inakwenda ng'ambo kutafuta mhariri. Sisi wachapishaji wa hapa tuna sababu zetu: karatasi ghali, shule hazinunui kisichokuwa cha mtaala. Nazijua, mimi mwenyewe huzitaja. Bado haziwezi kueleza kwa nini katika rafu nzima ya vitabu vya Kiswahili vya miaka sita hadi kumi niliyoikagua hapa leo asubuhi hakuna Zainabu wa Kibohora wala Kirit wa Kisutu.

Kuna mahali pa kuanzia pasipohitaji karatasi. Pratham Books, shirika lisilo la faida la Bengaluru, India, lilifungua Septemba 8, 2015 jukwaa la mtandaoni liitwalo StoryWeaver. Hadithi zake zina leseni huria: unasoma, unapakua, unatafsiri, unachapa, hata ukiuza, mradi umtaje mwandishi, mchoraji na mchapishaji. Zimepangwa kwa ngazi nne za usomaji. Kiswahili kimo. Hadithi za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, nazo zimo humohumo, kwa hiyo mtoto wa Bihar, India, anaweza kusoma hadithi ya Turkana. Tafsiri za Kiswahili nilizopitia, nyingine ni safi, nyingine zinanuka Kiingereza, na hizo mwalimu yeyote wa lugha aliyemo humu angeziboresha kwa jioni mbili.

Mkitafsiri, nawaomba kitu kimoja. Msimgeuze Meena kuwa Neema. Msigeuze dosa, ule mkate mwembamba wa mchele wa India, kuwa chapati. Mtoto wa Temeke amekula bajia, sambusa na achari tangu hajaota meno. Dosa moja haitamshinda. Bibi zetu walimgeuza mamba kuwa papa kwa sababu hadithi ilikuwa mdomoni na hapakuwa na picha. Leo picha ipo ukurasani, Meena anaonekana na kisuka chake, ukimwita Neema mtoto atajua unamdanganya.

Na walimu wa shule zenye mchanganyiko, zipo nyingi Upanga, wapeni watoto kazi ya kuwauliza bibi zao walicheza mchezo gani, na nani, mtaa gani. Andikeni kama walivyosema, kwa Kiswahili chao cha dukani kama ndicho walichonacho, msikisahihishe. Nileteeni. Sitaahidi kuchapa, nitaahidi kusoma.

Kompyuta mbili za pale dirishani zimefunguliwa kwenye jukwaa nililolitaja, ngazi ya kwanza, hadithi ambazo hazijatiwa Kiswahili. Nyingi zina sentensi kumi hadi kumi na tano. Nitakuwepo mpaka saa kumi, na mkutubi ameahidi chai.